Si Kila Tumbo ni Taifodi!

Najua nimeadimika. Wiki 3 sijaandika kitu, na wengine mmeshaanza kuulizana kama nimediskoo nimerudi kwetu kulima. Sijadiskoo. Nipo, chumba kilekile, ghorofa ileile ya 3 ambayo maji yanapanda siku yanayojisikia. Leo nimekuja na hasira zangu, na nawatahadharisha mapema: nitaongelea tumbo na mambo ya chooni. Kama unakula chipsi zako hapo, maliza kwanza ndo uendelee kusoma.

Chanzo ni hiki. Juzi jioni mdogo wetu mmoja wa mwaka wa 1, tunakaa naye korido moja, kapita mlangoni kwangu kashika vibahasha vya dawa. Nikamuuliza, "Vipi mdogo wangu, unaumwa?" Akasema, "Dada, nimekutwa na taifodi tena."

Tena! Nikamuuliza ya ngapi hiyo. Ya 3 tangu tufungue chuo. Una homa? Hana. Kichwa kinauma? Hakiumi. Sasa tatizo nini? Tumbo linamsokota, anakimbilia chooni, akitoka linapoa. Kesho linaanza upya. Tangu lini? Tangu akiwa kidato cha 6.

Nikakaa kimya, manake nilikuwa kama najiangalia kwenye kioo.

Wasomaji wangu wa zamani mnajua kuwa mie mwaka wa 1 niliumwa. Sikuwahi kuwaeleza niliumwa nini kwa sababu nilikuwa naona aibu. Leo aibu naiweka pembeni. Ilianza na kachumbari ya mtaani. Nilihara siku 4 mfululizo, nikanywa maji ya chumvi na sukari, nikapona. Nilidhani nimepona. Baada ya hapo tumbo langu halikuwa lilelile tena. Wiki hii naendesha, wiki ijayo choo hakitoki siku 3, kikitoka utadhani nazaa mawe. Tumbo linajaa gesi mpaka jioni suruali haifungi. Linanguruma kwenye kipindi mpaka jirani anageuka kuniangalia.

Nikaenda zahanati moja (jina kapuni). Nikaingia, kabla sijakaa vizuri naulizwa, "Unaumwa nini?" Nikasema tumbo. "Haya, nenda maabara." Basi! Mazungumzo yote hayakufika dakika 2. Nikatobolewa kidole, nikasubiri kama dakika 15, nikatoka na majibu: taifodi. Dawa za wiki 2. Nikameza. Tumbo likatulia siku kadhaa, likarudi. Nikarudi na mimi. Taifodi. Safari ya 3, taifodi na UTI juu yake kama nyongeza ya dukani. Safari ya 4 wakanichoma sindano. Ndani ya miezi 9 nimeugua taifodi mara 4, jamani! Kama wangekuwa wanatoa digrii ya taifodi ningekuwa nimeshavaa joho.

Na hela? Bumu lote liliishia kwenye sipro na metronidazo, ile ambayo ukiimeza mdomo unakuwa kama umeramba sarafu. Kwenye mtihani wa takwimu nilitoka nje mara 2. Mara ya 3 msimamizi akanizuia: "Wewe binti, una nini huko chooni? Umeficha desa?" Darasa zima likacheka. Nikakaa nimebana, jasho linanitoka, sikumbuki hata swali lilikuwa linasemaje. Nikapata sapu. Kwenye matokeo imeandikwa nimefeli takwimu. Hakuna mahali pameandikwa nilikuwa naumwa.

Sasa sikilizeni hoja yangu. Nasema hivi: tatizo letu si kukosa vipimo. Tatizo ni kwamba hatuulizwi, na sisi wenyewe hatujui kujieleza. Tumbo la mwanafunzi lina majina 4 tu hapa chuoni: taifodi, vidonda vya tumbo, mawazo, au umetupiwa. Nitayapitia moja moja.

Tuanze na taifodi. Kipimo kinachotumika sana huku mitaani kinaitwa Widal, kimepewa jina la daktari wa Ufaransa aliyekieleza mwaka 1896. Hakimtafuti kijidudu mwenyewe. Kinatafuta kingamwili, yaani wale askari wa mwili waliowahi kupambana naye. Sasa katika nchi ambayo taifodi ipo, askari hao unaweza kuwa nao hata kama uliugua zamani. Unaweza kuwa nao kwa sababu ulichanjwa. Na kuna maambukizi mengine yanayoweza kukifanya kipimo kiseme ndiyo. Ukitaka kumwona kijidudu mwenyewe, damu inaoteshwa maabara, na hiyo inachukua siku kadhaa, si dakika 15.

Halafu taifodi ni ugonjwa wa homa. Homa inapanda, haishuki, kichwa kinauma, mwili unaisha nguvu. Nisieleweke vibaya hapa: taifodi ipo kweli na inaua. Ukiwa na homa isiyokatika usikae kunisoma mimi, nenda hospitali leo leo. Lakini tumbo la miezi 9 lisilo na homa hata siku moja, linalopoa ukitoka chooni, wanaliitaje taifodi mara 4? Na kila dozi isiyo na sababu inawafundisha vijidudu kuzoea dawa, ili siku taifodi ya kweli ikija dawa igome. Tena antibaotiki zenyewe zinavuruga bakteria wema wa utumboni, kwa hiyo tumbo bovu linazidi kuwa bovu.

Jina la 2 ni vidonda vya tumbo. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipewa Nobel mwaka 2005 kwa kumgundua kijidudu Helicobacter pylori na kuonyesha anavyosababisha vidonda. Heshima yao. Ila kijidudu huyo anaishi kwenye matumbo ya watu wengi mno ambao hawaumwi chochote, kwa hiyo kukutwa naye peke yake hakuelezi kila maumivu. Vidonda kwa kawaida vinauma juu, pale kwenye chembe ya moyo, na vinahusiana na njaa au chakula. Mimi nilikuwa naumwa chini ya kitovu na maumivu yangu yalikuwa yanafuata choo. Hakuna aliyewahi kuniuliza linauma wapi!

Jina la 3, mawazo. Hili ndo linaniudhi kuliko yote. "Aah, huyo anaogopa mtihani tu." Ni kweli tumbo langu linachachamaa wakati wa mitihani. Lakini Jumapili nimelala sina mtihani wala mchumba, mbona linauma? Mawazo yanalichokoza tumbo, hiyo nakubali. Kulichokoza si kulitunga. Ukimwambia mgonjwa "ni mawazo tu" umemfungia mlango na ufunguo umetupa.

Jina la 4 silijibu. Shangazi yangu anasoma huku.

Mwisho wa yote aliyeniokoa ni daktari mmoja mama mtu mzima, hospitali nyingine kabisa. Nilimwamkia, nikatoa lile furushi langu la vyeti 4 vya taifodi. Akaviweka pembeni bila kuvifungua. Akasema, "Mwanangu, hebu nisimulie tumbo lako tangu lilipoanza." Nilitaka kulia. Niliongea kama nusu saa, yeye anauliza na kuandika. Akapima damu, akapima choo kuona kama kuna amiba, giadia au minyoo, akaniuliza habari za maziwa. Vyote vikatoka safi. Ndo akaniambia: una ugonjwa unaojulikana kwa kifupi kama IBS. Mimi nimeutafsiri mwenyewe: utumbo wenye hasira.

Utumbo wenye hasira ukiupiga picha unaonekana mzima. Hauna kidonda, hauna uvimbe, na haugeuki kuwa kansa. Shida iko kwenye utendaji. Utumbo una neva zake wenyewe, mamia ya mamilioni, zinaongea na ubongo mchana na usiku. Kwetu sisi mazungumzo hayo yamevurugika: gesi kidogo ambayo mwenzio haisikii, wewe inakukata kama kisu, na misuli inasukuma haraka mno au inalala. Ni kama simu nzima, mnara mzima, ila mtandao ndo unasumbua. Fundi akiifungua simu haoni kitu. Je, hiyo inamaanisha unadanganya kwamba simu haishiki?

Na kile kikachumbari changu hakikuwa bahati mbaya ya mtu mmoja. Inafahamika kabisa kwamba baada ya kuhara kwa maambukizi, wapo wanaobaki na tumbo hili, wanakadiriwa kama mmoja kati ya 10. Utafiti mkubwa uliotoka mwaka 2021, wa watu zaidi ya 73,000 katika nchi 33, ulikuta kwamba kati ya waliohojiwa kwa intaneti, kama 4 kwa kila 100 wana dalili zinazotimiza vigezo, na wanawake ni wengi kuliko wanaume. Ukumbi wetu mkubwa wa mihadhara unaingiza watu 500. Kama na sisi tuko hivyohivyo, hapo wamo 20, kila mmoja anadhani yuko peke yake.

Haya, utaijuaje? Chukua kalamu. Madaktari wana vigezo vinaitwa vya Roma, toleo la 4 lilitoka mwaka 2016. Kwa lugha yetu ya korido viko hivi. Kwanza, tumbo liwe linauma. Kujaa gesi peke yake hakutoshi, lazima kuwe na maumivu, kwa wastani walau siku 1 kila wiki kwa miezi 3 iliyopita, na tatizo liwe lilianza miezi 6 nyuma au zaidi. Tumbo la juzi baada ya sherehe halihesabiki. Pili, maumivu hayo yaambatane na walau mawili kati ya haya matatu: yanahusiana na kwenda choo, yaani yanapoa au yanazidi, idadi ya kwenda choo imebadilika, unaenda mara nyingi au mara chache kuliko ulivyozoea, na umbo la choo limebadilika.

Umbo la choo, mmesikia? Kuna chati kabisa ya Bristol, kule Uingereza, ina aina 7. Wao wana mifano yao, mimi natumia ya kwetu. Aina ya 1 ni punje ngumu kama mavi ya mbuzi. Ya 2 ni mhogo wenye manundu. Ya 3 na ya 4 ndo za watu wazima wenye raha zao, 4 ni laini kama ndizi. Ya 5 ni vipande laini, ya 6 ni rojorojo kama uji mzito, ya 7 maji matupu. Wenye utumbo wa hasira wengine wanakaa huku kwenye 1 na 2, wengine kule kwenye 6 na 7, na wengine kama mimi tunapiga safari kote kote. Cheka, lakini siku ukimwambia daktari "juzi mbuzi, leo uji" atakuwa ameelewa mengi kuliko ukisema "tumbo linasumbua".

Mambo mengine yanayoendana nayo: tumbo kujaa, kuhisi hujamaliza wakati umeshamaliza, choo kukubana ghafla, ute kwenye choo. Kwa sisi wasichana, siku zetu zikikaribia linaweza kuzidi.

Hapa ningeweza kumaliza nikaonekana shujaa. Lakini nina deni, na ndo sababu halisi ya wiki 3 za ukimya.

Baada ya kupewa jina la ugonjwa wangu niligeuka mhubiri. Kila mwenye tumbo namwambia IBS hiyo! Mwenzangu wa chumba alikuwa anaendesha. Akaniuliza, nikamjibu kwa kujiamini kama profesa: "Shoga, ni utumbo wenye hasira huo, acha maharage." Akaacha maharage. Akaendelea kuendesha. Alikuwa anaamka usiku wa manane kwenda chooni, namsikia mlango. Alikuwa anapungua, tunamsifia eti kapata shepu. Siku moja aliniambia kaona damu. Nikasema labda ni bawasiri, tuangalie kesho. Mimi huyuhuyu niliyekuwa nawatukana watu wa zahanati kwa kutouliza!

Alianguka bafuni mwezi huu mwanzoni. Damu ilikuwa imeisha mwilini, akaongezewa chupa 2. Wakamwingiza kile kipimo cha kamera kwenye utumbo mpana, wakakuta umevimba na una vidonda tele. Ni ugonjwa mwingine kabisa, una dawa zake, na ulitakiwa kuanza kutibiwa miezi kabla. Kaahirisha mwaka. Juzi nilikwenda kumwona kwao, mama yake akanipa chai na kunishukuru kwa kumtunza mwanawe. Chai ile haikushuka.

Kwa hiyo andikeni na hizi, tena kwa wino mwekundu. Ukiona damu kwenye choo, au choo cheusi kama lami. Ukipungua uzito bila kujipunguza. Homa. Tumbo kukuamsha usiku kutoka usingizini. Kupungukiwa damu. Uvimbe unaoshikika tumboni. Kwenu kuwe na mtu aliyeugua kansa ya utumbo au magonjwa ya utumbo kuvimba. Au mzazi wako aliyevuka miaka 50 ndo kwanza aanze matatizo haya. Mojawapo ya hayo ikiwepo, usijiite IBS, usimsikilize mwenye blogu, usiache maharage. Nenda hospitali na udai uchunguzi.

Mnaona basi ugomvi wangu si na neno taifodi. Ugomvi wangu ni na uvivu wa kuuliza. Zahanati ile ilinipa jina bila kuuliza, na mimi nikampa mwenzangu jina bila kuuliza. Tofauti yetu ni koti jeupe tu.

Najua kuna atakayesema, "Dada, daktari ana foleni ya watu 80, nusu saa ya kusikiliza tumbo lako ataitoa wapi?" Hoja nzito, siidharau. Ila piga hesabu: mimi niliingia kwenye foleni hiyohiyo mara 4. Angeniuliza maswali 5 siku ya kwanza, angepunguza foleni mara 3. Unaumwa wapi? Tangu lini? Ukienda choo inakuwaje? Kuna damu, homa, au unapungua? Unaamka usiku? Hayo ni maswali ya dakika 3.

Na sisi tusingoje kuulizwa. Chukua daftari la kurasa 40, andika wiki 2: siku, umekula nini, limeuma wapi, choo namba ngapi kwenye chati, ulikuwa na presha gani ya masomo, siku zako ziko wapi. Nenda nalo. Ukiambiwa taifodi, uliza kwa heshima: "Samahani daktari, homa sina, kuna kipimo kingine?" Si utovu wa adabu. Mwili ni wako, na hela ya bumu ni yako.

Wanaouliza nimeponaje: sijapona, naishi nalo. Hakuna kidonge kimoja cha kulimaliza. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Monash kule Melbourne waligundua kuwa kuna sukari fulani zinazochachuka utumboni na kutuumiza. Ziko kwenye vitunguu maji na saumu, ngano, maharage, maziwa, embe. Unaviacha wiki chache kisha unarudisha kimoja kimoja ukimtafuta mchawi wako. Huviachi maisha yote ukakonda. Mchawi wangu ni kitunguu na maziwa. Maharage nikiyaloweka usiku na kumwaga maji, kidogo nayaweza. Wali haujawahi kunikosea. Kuna dawa za kutuliza msokoto, kuna nyuzinyuzi laini za kunywa na maji, na kuna dawa za dozi ndogo za kutuliza neva, ila hizo uandikiwe na daktari, usinunue kwa kusimuliwa na mimi. Kutembea kunasaidia. Kulala kunasaidia. Kujua jina lake kulinisaidia kuliko vyote.

Na uongozi wa chuo kama mnapita hapa: mwanafunzi akinyoosha mkono kwenye mtihani kutaka kutoka, mpeni msimamizi wa kumsindikiza, msimpe kicheko. Na maji ghorofa ya 3, tafadhalini. Tumbo halisubiri zamu ya maji.

Yule mdogo wetu wa korido sikumwambia ana IBS. Nimejifunza. Nilimkalisha kitandani, nikamuuliza yale maswali 5, nikampa daftari jipya na kalamu. Vidonge vyake nikamwambia asinisikilize mimi, tutamuuliza daktari. Jumatano sina kipindi asubuhi, nampeleka kwa yule mama. Ameniuliza, "Dada, nikifika nimwambie nini?"

Nimemwambia amsimulie tumbo lake tangu lilipoanza.

Haya, ngoja nikapige msuli, takwimu inarudiwa wiki ijayo. Mniombee, na mimi nawaombea matumbo mema.